Magunia ya Sadaka ya Mavuno

Mwaka niliokuwa katika mafundisho ya kipaimara, usharika wetu wa Kilutheri katika vilima vya Njombe ulikusanya sadaka ya mavuno ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa viazi mviringo. Mahindi, kuku na mayai vilinadiwa siku ileile baada ya ibada, kama ilivyo desturi, lakini viazi vilikuwa vingi mno kwa mnada, ndipo wazee wa kanisa wakamwita mnunuzi apelekaye mzigo Dar es Salaam. Baba yangu alikuwa mtunza hazina.

Mnunuzi alikuja na vijana wake. Gunia likishajaa hadi mdomoni, walilishindilia kwa magoti, wakarundika viazi vingine juu yake, wakavifunika kwa kipande cha gunia jingine na kukishonea kwa kamba iliyopishana huku na huku, hata gunia likaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa, na kila mkulima wa kwetu anaijua, kwa kuwa hulipwa kwa gunia wala si kwa kilo. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Baba aliagiza mizani ya kuning'iniza, tukalipima lile la kwanza, nayo ikasoma kilo 134.

"Mzee, huu ndio utaratibu wa soko," mnunuzi alisema kwa upole, na sidhani kama alikuwa mtu mbaya, maana naye alikuwa na ushuru na nauli ya lori mabegani.

"Mwanangu, viazi hivi si vyangu," Baba akamjibu. "Wajane wamemtolea Bwana, mimi nimewekwa kuvitunza tu. Hizi kilo 34 nitazitolea hesabu gani?"

Wiki ile tulikuwa tukijifunza amri ya saba, "Usiibe," ambayo ndugu zetu Waanglikana huihesabu kuwa ya nane. Nilikuwa nimekariri maelezo ya Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, yanayokataza kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na kwa biashara ya hila, kisha yakatudai tumsaidie kuilinda mali yake. Sehemu hiyo ya pili ndiyo tunayoipuuza hadi leo: Mkristo anayemwona jirani akipunjwa na kunyamaza bado hajaishika amri.

Mnunuzi alikataa kulipa kwa kilo, akaondoka. Viazi vilikaa ghalani, vingine vikachipua, na aliyekuja baadaye alivinunua kwa uzito lakini kwa bei ya chini. Baadhi ya wazee walimlaumu Baba barazani. Aliiandika hasara yote daftarini, akaisoma mbele ya usharika bila kuficha shilingi. Msimu uliofuata wakulima kadhaa walikuja kuazima ile mizani, na wanunuzi wawili wakakubali kupimiwa.