Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa fizikia na gari la mwezini, Moshi

Saa 11:30 alfajiri. Kibo iko wazi, mwezi mpevu unazama upande wa Arusha. Napasha kiburu cha jana, nakula.

Saa 1:00 asubuhi. Daladala ya Pasua. Konda anauliza nimebeba nini kwenye boksi. "Gari la mwezini." Ananitoza nauli ya watu wawili.

Saa 2:00 hadi 8:00. Vipindi, chai na mihogo, madaftari ya kusahihisha. Hapo hakuna cha kusimulia.

Saa 8:30 mchana. Klabu ya sayansi. Gari letu lina mota za printa mbovu na magurudumu ya vifuniko vya ndoo. Dereva anakaa maabara. Gari liko nje kwenye mchanga na mawe. Haoni chochote ila picha za mnato ninazomtumia kwa simu, na kila amri yake tunaichelewesha sekunde tatu. Ndivyo ilivyo: mawimbi ya redio huchukua sekunde 1.3 kufika mwezini, na nyingine kama hizo kurudi. Kuanzia mwaka 1970 Wasovieti waliendesha kigari chao cha mwezini, Lunokhod 1, namna hiyo kutoka Crimea, wakitazama picha moja moja, na ikatembea zaidi ya kilomita 10.

Gari linagonga jiwe.

"Mwalimu, mbona nilishika breki mapema?"

"Ulishika wewe. Gari lilikuwa halijasikia."

Saa 10:00 jioni. Ubishi: nani bingwa wa magari ya mwezini? Wengi wanaitaja India, maana Agosti 2023 chombo chake Vikram kilitua karibu na ncha ya kusini na kushusha kigari Pragyan. Sikatai, kutua ni kazi. Ila mimi maksi nampa anayeamka. Usiku wa mwezini hudumu takribani siku 14 za huku, baridi hushuka chini ya nyuzi 150 chini ya sifuri, na betri hufa. Pragyan ililazwa Septemba, haikuamka tena. Lunokhod ilifunga kifuniko chake na kuota joto la poloniamu, metali ya mionzi inayotoa joto yenyewe. Yutu-2, kigari cha China kilichotua upande wa mwezi tusiouona Januari 2019, kiliamka tena na tena kwa miaka kadhaa.

Saa 11:30 jioni. Sasa wanataka gari letu nalo lilale kwenye baridi. Mama anayetuuzia barafu amekubali kutuazima freeza hadi asubuhi.

"Lakini wanangu, lisiguse samaki wangu."

Tunalifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni.