Kupe wa Connecticut

Kwetu Kongwa, Tanzania, kupe ni habari ya ng'ombe. Marehemu babu aliswaga mifugo hadi joshoni kuikinga na ndigana, na sisi tukitoka machungani tulibandua kupe miguuni, tukala ugali, tukalala. Bibi yeye alihofia papasi, kupe wa kwenye nyumba za tembe, wanaouma usiku na kukuachia homa inayopoa kisha inarudi. Bakteria wa homa hiyo ana ndugu yake huku Marekani, na ndiye anayenitesa.

Naishi Connecticut, jimbo lenye mji wa Lyme, ulioupa ugonjwa huu jina miaka ya 1970 baada ya watoto wengi wa huko kuvimba magoti. Kupe wake akiwa mchanga ni mdogo kama mbegu ya mchicha. Wangu sikumwona kabisa. Niliona doa pajani, nikadhani nimejigonga. Kliniki niliyokwenda ilikuwa na picha ya doa lenye duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Langu lilifanana na vilio la damu, nikaambiwa ni mafua. Hata kipimo cha damu kilisoma hamna, maana wiki za mwanzo mwili huwa haujatengeneza kinga ya kutosha kuonekana. Naumia kila nikikumbuka, kwa sababu dawa ikiwahi, wengi hupona kabisa.

Goti lilipovimba miezi baadaye ndipo ugonjwa ukajulikana. Nilimeza antibiotiki ya doksisaiklini siku 28, uvimbe ukaisha. Uchovu haukuisha. Kuna wagonjwa hubaki hivi, na utafiti umeonyesha kuongeza antibiotiki kwa miezi hakusaidii.

Mume wangu anafanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo jioni ni mimi na wanangu wawili. Jumamosi iliyopita nilikanda unga wa chapati, vidole vikagoma katikati. Mkubwa, ana miaka tisa, akavuta kiti, akanawa, akaendelea kukanda bila kuniuliza. Nilikaa pembeni nikimwelekeza kuongeza maji, na moyo uliniuma kuliko vidole.

Mama akipiga simu husema, "Mwanangu, kazi za huko zitakuua, pumzika." Nimemweleza mara nyingi kuwa hata nikilala kwa muda wa saa kumi naamka nimechoka.

Ninyi mnaoishi majimbo ya huku Kaskazini Mashariki, tafadhali, wakagueni watoto kila jioni wakitoka nje. Nguo zao ziingie kwanza kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, dakika kumi. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Sisi hapa nyumbani tunatumia taa ya simu: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, na katikati ya mistari ya nywele za mdogo. Nikimaliza, naye hunipokonya simu. "Mama, inama." Nainama, naye anachambua nywele zangu polepole, mstari kwa mstari.