Siku moja na chembe za chuma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kibuli, jirani ameshaniwahi mlangoni: "Daktari, ile dawa imefika wapi?" Dada yake anatibiwa kansa hospitali ya Mulago, kwa hiyo hatanii. Lakini mimi si daktari. Ni fundi wa maabara ya chuo hapa Kampala, na kazi yangu kubwa ni kuosha vyombo. "Tunaisukuma, mama." Nikapanda boda.

Tunachotengeneza ni chembe za oksidi ya chuma, ndogo mno, zinazoiga kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini. Wachina ndio walioonyesha hilo mwaka 2007. Ndani ya uvimbe kuna asidi na peroksidi ya ziada. Chembe huigeuza peroksidi hiyo kuwa sumu inayochoma seli, na seli iliyokufa kwa kuchomwa hupiga kelele hadi askari wa kinga wanaamka. Watafiti wanataka kelele hizo ziende pamoja na dawa za kuondoa breki za kinga, zile zilizowapa watafiti Allison na Honjo Nobeli ya tiba ya 2018. Mimi naishia kwenye rangi ya buluu: kipimo ambacho chuma kikikutana na peroksidi, rangi hutokea.

Saa tatu: kloridi za chuma, amonia, maji yanakuwa meusi tii. Sumaku chini, mwaga, osha. Mara tano.

Saa tano mambo yakaharibika. Trei ina vishimo 96, na safu ya mwisho huwa siitii chembe, isipate rangi. Ikapata. Buluu ya wino uliomwagiwa maji, lakini buluu. Nikarudia: buluu. Nikabadilisha pipeti ya kupimia matone, nikafungua chupa mpya ya peroksidi: buluu! Mwanafunzi wa uzamili akanisimamia begani: "Kaka, si tuandike tu? Tofauti ni ndogo." Tuandike nini, kwamba maji matupu yanatibu kansa? Umeme nao ukakatika, na mwenye ufunguo wa jenereta alikuwa ameenda kula.

Nikatoka nje na rolex yangu iliyopoa, chapati iliyoviringishiwa mayai. Tonge la pili halijashuka nikakumbuka mtambo wa kukeneka maji. Nikaumulika kwa tochi ya simu: koki imeliwa na kutu, tone la kahawia linaning'inia. Chuma! Na bufa yote, ule mchanganyiko wa kushikilia kiwango cha asidi, tuliikorogea maji hayo.

Nikamwaga lita mbili, nikakoroga upya kwa maji ya sindano ya duka la dawa. Saa sikuitazama tena. Umeme uliporudi, safu ya mwisho ilikaa bila rangi, nyingine zikapanda buluu taratibu, penye chembe nyingi nzito zaidi. Yule kijana aliangalia, hakusema neno. Akachukua brashi akaanza kuosha.

Usiku jirani bado yuko barazani. "Daktari, imefika wapi?"

"Leo imefika kwenye koki, mama."