Kanuni ya taarabu mahali pa hapsikodi: tulivyopiga muziki wa Baroki Mombasa

Kila nilipotaja tamasha hili, watu waliniuliza jambo moja: "Mgeni ni nani?" Pwani tumezoea kwamba fidla za kizungu zikipigwa lazima aletwe mtu kutoka Nairobi au Ulaya asimame mbele, sisi wenyeji tumsindikize kwa nyuma. Fedha za tiketi na hoteli hatukuwa nazo. Lakini hata tungekuwa nazo, nisingemwalika. Muziki wa Baroki, yaani ule wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750, haumhitaji mgeni wa heshima. Antonio Vivaldi alifundisha wasichana katika Ospedale della Pietà, kituo cha kulea watoto walioachwa huko Venice, na wapigaji wake wa solo, yaani wanaotangulia huku wengine wakisindikiza, walitoka humo humo ndani.

Basi nikatafuta kazi zinazogawa solo kwa wengi. Ya kwanza konseto, yaani kazi ambamo solo na kundi zima hupokezana, ya fidla nne ya Vivaldi, namba 10 katika mkusanyiko wake uitwao Opus 3, uliochapishwa Amsterdam mwaka 1711. Ya pili konseto ya fidla mbili ya Johann Sebastian Bach katika D maina. Ya tatu konseto ya Krismasi ya Arcangelo Corelli, ambamo fidla mbili na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, ndizo zinazotangulia. Nota zote zinapatikana bure, maana watunzi wenyewe wamekufa zamani. Uchache wetu pia haukunisumbua: Opus 3 ilitolewa kwa vitabu vinane, kila sauti na kitabu chake, kwa hiyo watu wanane wanaosikilizana wanaweza kuipiga.

Vijana wangu niliwaeleza kwa njia ya taarabu. Wote wanapiga kiitikio, mmoja au wawili wanachomoka na ubeti wao, kiitikio kinarudi, safari hii kimepanda au kimeshuka. Hapo hawakuuliza tena. Kilichowatoa jasho ni kipande cha polepole katikati ya Vivaldi, ambapo fidla zote nne zinavunja kordi zile zile, yaani sauti za kupigwa pamoja zinapigwa moja moja, kwa wakati mmoja, kila moja kwa mwendo wake wa upinde. Mmoja akimwiga jirani, yote yanaharibika. Tulikifanyia mazoezi tukiwa tumepeana migongo, kila mtu na masikio yake.

Shida kubwa ilikuwa hapsikodi. Hicho ni kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa, si kugongwa kama za piano, na ndicho kinachoshika kordi chini ya muziki wote. Mimi sikumjua mtu Mombasa mwenye nacho. Kanuni, zile ala za nyuzi nyingi za taarabu, zipo, na kanuni nayo hudonolewa. Nikaenda Mji wa Kale kwa mzee mmoja aliyepiga taarabu ujana wake wote. Mimi humwita Ami. Nikampigia mwanzo wa Bach kwa fidla. Akasikiliza, akacheka: "Mbona hii ni nahawandi, mwanangu? Wazungu waliitoa wapi?" Nahawandi ni mojawapo ya maqam, ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu na taarabu.

Ami hasomi nota, na haikuwa kikwazo kama nilivyodhani. Mpiga hapsikodi wa zama zile hakuandikiwa kila kitu: alipewa sauti ya chini peke yake, na tarakimu kama 6 au 7 kumwonyesha kordi ya kujazia, mengine ayatoe kichwani mwake. Nilimwimbia sauti ya chini, yeye akajaza. Tatizo lake lilikuwa kinyume: alitaka kujibu kila solo, kama anavyomjibu mwimbaji. Tukapatana kwamba penye mwendo wa haraka atapiga kordi kavu tu, na katika Largo ya Bach, yaani sehemu yake ya polepole, ajiachie.

Kazi ngumu ilikuwa mandali, vile vibao vidogo vya chuma vinavyoinuliwa kupandisha au kushusha sauti ya uzi. Katika taarabu waweza kukaa kwenye maqam moja muda mrefu, Bach hakai. Tuliweka alama kila mahali pa kuinua mandali, na pale ambapo mkono haukuwahi, Ami aliiacha sauti hiyo na selo ikaibeba. Vivaldi, katika B maina, ilitushinda kwa njia hiyo. Humo tukatumia kinanda cha umeme tulichoazima kanisani, tukiwa tumekiweka kwenye sauti ya hapsikodi na spika yake tumeielekeza ukutani, isije ikazimeza fidla.

Halafu hewa ya Mombasa. Nilipanga Agosti, joto likiwa limepungua na kusi bado inavuma, na nikakataa ukumbi wenye kiyoyozi. Mbao zilizonyonya unyevu wa bahari zikikaushwa ghafla, vigingi huteleza na nyuzi hulegea katikati ya wimbo. Ala zote zilifikishwa ukumbini mapema alasiri, selo ikija kwa tuktuk kutoka Nyali, zizoee hewa ya hapo. Kigingi kinachoteleza tulikipaka chaki, kinachokwama tulikipaka sabuni kavu. Nyuzi za utumbo sikuzigusa kabisa, hata kama ndizo za zama zile.

Tulianza baada ya Isha. Kabla ya Vivaldi niliwaambia wasikilizaji kwamba Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698, yeye alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Nadhani hilo lilimsogeza karibu kuliko maelezo yote ya muziki. Watu walipiga makofi baina ya sehemu, nami sikuwazuia. Sioni sababu ya kumfunga mtu mikono akifurahi. Katika Largo ya Bach, Ami alijiachia kweli, na mama mmoja akainuka na noti mkononi kwenda kuwatuza wasichana wawili wa solo, kama afanyavyo harusini. Nilikuwa nimewatahadharisha wasisite hilo likitokea. Hawakusita. Akafuata wa pili, na wa tatu akaenda moja kwa moja kwa Ami.

Fedha hizo tumenunulia nyuzi mpya. Ami sasa anauliza kama Bach ana yoyote ya hijazi, maqam nyingine.