Siku moja na punda wawili wa mkokoteni, Tabora

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chakula, kwato. Napitisha kiganja kwenye kwato zote nane kutafuta joto. Ukwato mmoja ukiwa wa moto kuliko wenzake, au mshipa wa nyuma ya kifundo ukidunda kwa nguvu, punda huyo leo hafungwi mkokoteni. Kisha nakwangua udongo na mawe kwa chuma butu, kutoka kisigino kwenda mbele. Punda wetu hawavai vyuma. Ukwato ndio kiatu, na kiatu hicho hushonwa na chakula.

Saa 11 na nusu nawapa mabua makavu kidogo, halafu malishoni hadi saa 3. Ni Desemba, majani mapya yamejaa sukari, na sukari ikizidi kwato huumia. Alfajiri sukari iko chini kwa sababu mmea umeitumia usiku. Jua likiwaka inapanda hadi alasiri. Kwa hiyo mchana wa jua kali hawagusi majani mabichi.

Saa 3 hadi saa 6: madumu kumi ya maji kwenda Ipuli, mara mbili, na saruji mifuko sita.

Saa 6 na ushee, Ng'ambo. Mzigo wa mahindi kutoka mashineni. Nikiwa nashusha gunia la mwisho, mama mwenye mzigo amewamwagia punda beseni zima la pumba.
"Mama, shikamoo tena, naomba nilitoe hilo."
"Marahaba. Unawanyima chakula, mwanangu? Wamekonda hawa!"
Hawajakonda. Mbavu huonekana kidogo ukizitafuta kwa vidole, na ndivyo inavyotakiwa. Niliondoa beseni huku akilalamika hadi majirani wakatoka, na malipo yakacheleweshwa karibu saa nzima juani. Lakini hapo sirudi nyuma. Tumbo la punda ni dogo. Wanga ukizidi unapita bila kusagwa hadi utumbo mkubwa, vijidudu vinauchachusha, asidi inapanda, na sumu inaingia kwenye damu. Inapofika miguuni, nyama inayoushika mfupa ndani ya ukwato inavimba na kuachia. Punda anasimama ameegemea visigino, hataki kugeuka. Wengine humchapa wakidhani ni mvivu! Pumba pia zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo; ukizilisha kila siku, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa. Kwangu mwisho ni kikombe kimoja cha kuchanganyia chumvi.

Nguvu ya kuvuta haitoki kwenye pumba. Inatoka kwenye nyuzinyuzi za majani makavu, zinazochachuka polepole utumboni na kutoa nguvu isiyokatika njiani.

Kurudi kupitia Isevya, tatizo ni maembe. Chini ya kila mti yameiva, na watoto wanawarushia kwa upendo. Sukari ni ileile, tena kokwa linaweza kukwama kooni. Nawashika karibu na mdomo hadi tupite.

Maji, kila tunaposimama. Siku ya joto kama hii kila mmoja hufikisha lita 15 hadi 20.

Jua limeshazama. Mabega yananiuma, lakini chakula cha usiku sikadirii kwa macho: kila punda ana kilo 140 hivi, na hula kilo mbili na nusu hadi tatu za chakula kikavu kwa siku. Sehemu kubwa ni nyasi kavu na mabua. Majani ya karanga nusu kilo tu, nimeyakung'uta mchanga na kuyanusa. Yenye ukungu yanatupwa. Nalisha ndani ya beseni, kwa sababu mchanga wa Tabora ukimezwa unajikusanya tumboni na kuleta msokoto. Chakula kipya nakiingiza kwa wiki mbili, kiganja kwa kiganja.

Dume ana pete kwenye kwato za mbele, yaani tuta linalozunguka ukuta wa ukwato, alama ya ugonjwa huohuo wa kwato, pana zaidi upande wa kisigino. Ni ya Desemba iliyopita, kabla sijamnunua. Ukwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, na sasa pete hiyo imekaribia ardhi. Juu yake ukuta umeshuka laini, bila ufa. Wiki ijayo ni zamu ya kupunguza kwato kwa tupa, na pete itaanza kuondoka.