Nilivyoandaa kompyuta ya kutengenezea modi za Minecraft

Watu wengi wanaotaka kutengeneza modi, yani nyongeza za gemu, hawashindwi na kodi (code), wanashindwa hata kabla hawajaandika mstari wa kwanza, yani ile kuandaa mazingira tu. Mimi nilikuwa nataka kitu kidogo, kuongeza bloku moja kwenye Minecraft ya Java vasheni 1.20.1, nikachagua Fabric, mfumo wa kutengenezea na kuendeshea modi, kwa sababu templeti yake, yani projekti tupu ya kuanzia, ina mafaili machache, unayasoma yote unamaliza.

Kilichonifurahisha ni kwamba Gradle, programu inayogeuza kodi yako kuwa modi, huhitaji kuiinstoli. Ndani ya templeti kuna skripti inaitwa gradlew, kwa Windows ni gradlew.bat, ukiiita inasoma faili la gradle-wrapper.properties, inajua projekti hii inataka Gradle ya toleo gani, inaidaunlodi yenyewe. Sasa mtu anayeinstoli Gradle yake pembeni halafu inagombana na projekti sijui anatafuta nini. Ukiwa Linux ukaambiwa huna ruhusa ya kuiendesha, chmod +x gradlew, basi.

Kasheshe ilikuwa Java, ile programu inayoendesha gemu na Gradle pia. Minecraft 1.17 ilitaka Java 16, kuanzia 1.18 ikawa 17, 1.20.5 ikapanda hadi 21. Mashine yangu ina 21 kwa ajili ya mambo mengine, na templeti niliyokuwa nayo ina Gradle ya zamani kidogo isiyoijua Java 21, hapo hapo ikanitapikia "Unsupported class file major version 65". Ukiisoma hivi hivi haikwambii kitu, ila chukua hiyo namba toa 44, unapata toleo la Java: 65 ni 21, 61 ni 17. Ukishajua hako kahesabu hiyo eror haikusumbui tena. Java 21 sikuifuta, niliweka 17 pembeni yake, halafu kwenye faili la gradle.properties nikaongeza org.gradle.java.home= nikaielekeza kwenye folda ya 17. Kwa Windows hiyo njia iandike kwa mkwaju wa mbele / maana ule wa nyuma kwenye mafaili ya properties una kazi nyingine, utaliwa. Na kama projekti unaipandisha git, pale unaposhea kodi na wenzako, mstari huo usiende nao, mwenzako hana folda hiyo kwake, Gradle itamgomea.

Baada ya hapo kwenye terminal nikapiga ./gradlew genSources nikaiacha ifanye kazi. Mara ya kwanza inachukua muda kwelikweli, usidhani imeganda. Kinachofanyika ni kwamba plagini ya Loom, ambayo Fabric wameiongeza kwenye Gradle, inadaunlodi gemu lenyewe na laibrari zake, kisha inabadilisha majina, kwa sababu kwenye gemu hilo klasi zimepewa majina ya herufi herufi tu ambayo binadamu hawezi kuyafuata, ikimaliza unapata kodi inayosomeka na unaweza kuifungua kwenye IntelliJ, programu ya kuandikia kodi, ukaona bloku za gemu zimeandikwaje. Mimi nimejifunza zaidi humo kuliko kwenye video. Vikishadaunlodiwa vinakaa kwenye folda ya .gradle, kwa hiyo bildi zinazofuata ni fasta, hata bila intaneti unaweka --offline inaenda.

./gradlew runClient inafungua gemu modi ikiwa ndani, huingii na akaunti, unaitwa Player na namba fulani. Dunia unazotengeneza zinaingia folda ya run, zile unazochezea siku zote haziguswi, kwa hiyo lipua unavyotaka.

Kama rami yako ni ndogo, jua kwamba Gradle haiondoki ikimaliza, inabaki nyuma kwa muda wa kama masaa matatu ikisubiri kazi nyingine, ./gradlew --stop inaitoa.

Ukitaka jar, yani faili la modi iliyokamilika, ya kumpa mtu ni ./gradlew build, angalia build/libs. Zitakuwepo mbili, yenye -sources iache, hiyo nyingine ndo inaingia folda ya mods, na Fabric API, ambayo ni modi ya msaada inayotumiwa na modi nyingine, nayo iwepo humo kama modi yako inaitegemea.