Nilivyotoa kijarida cha Waswahili kwa Commodore 64

Nyie wa sasa mnafungua simu mnakuta templeti kibao, unabadilisha jina na picha unatupia kwenye grupu kazi imeisha. Mimi kijarida changu cha kwanza nilikitoa msimu wa baridi wa 1987, Minnesota huko Marekani, nikiwa mwanafunzi, kurasa nne tu na zilinila wiki tatu.

Tulikuwa Waswahili kama thelathini hivi na watoto, wa Mombasa, Tanga, Unguja, habari zinapita kwa simu na kila anayepokea anatia chumvi yake. Kuna mzee tulikuwa tunamwita Baba Mkubwa, akaniambia mwanangu wewe si una kompyuta, tutolee gazeti basi. Kompyuta ninayo kweli, Commodore 64 ya mtumba, lakini kazi yake ilikuwa gemu! Nikaona aibu kukataa.

Nikaanza kuulizia wenye nazo wanafanyaje. Habari ya mjini ilikuwa Macintosh, kompyuta ya Apple, na PageMaker ya Aldus, programu ya kupanga kurasa iliyotoka 1985, programu peke yake dola 495, halafu printa ya leza ya Apple, ile LaserWriter, ilianza kuuzwa mwaka huohuo kwa dola 6,995. Na Mac yenyewe hujainunua bado. Commodore 64 ilipotoka 1982 ilikuwa dola 595 na baadaye ikashuka mpaka chini ya 200, kwa hiyo mnaelewa nilikuwa nimesimama wapi.

Kilichoniokoa ni programu inaitwa The Newsroom, ya Springboard Software, kampuni ya hapohapo Minneapolis. Ilitoka 1984 kwenye kompyuta ya Apple II kisha ikaja kwenye Commodore, na bei haikufika dola 60. Ndani yake imegawanywa kama chumba cha habari, kuna sehemu ya kutengeneza picha, ya kuandika, ya kupanga ukurasa na ya kuchapa, hata ya kutuma kurasa kwa modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, ipo ila modemu mimi nitoe wapi. Ukurasa unajengwa kwa vibox, kichwa cha gazeti juu halafu vibox sita chini yake, au vinane kama hutaki kichwa. Kila kibox unakiandika peke yake unakisevu kwenye flopi.

Picha zimo zaidi ya 600, za Kimarekani hasa, na nilitaka uso wa Baba Mkubwa kwa ajili ya safu yake ya nasaha. Nikachukua uso wa mzee mmoja mle ndani nikaanza kumvisha kofia, nukta moja moja, kwa joystiki, kile kijiti cha gemu, maana mausi sikuwa nayo. Usiku mzima. Kofia ya kitobo ina vitobo vyake, kwa hiyo unajaza nyeusi, unatoa nukta moja, unaruka mbili, unatoa nyingine. Asubuhi nikamwonyesha mwenzangu wa chumbani, mtu wa Tanga, akaangalia weee akasema, "Ndugu yangu, mbona umemvisha sufuria?"

Lakini shida kubwa haikuwa picha, ilikuwa Kiswahili chenyewe. Kibox ni chembamba na programu haijui kukata neno, likishindwa kuenea linashushwa zima mstari wa chini. Kiingereza kina vineno vifupifupi kinapanga vizuri, sisi ukiandika "hawajatuandikisha" mstari unabaki na shimo la nusu nzima, ukingo wa kulia umekuwa meno ya mamba. Nilijaribu kukata mwenyewe kwa kistari, ukirudi kuongeza neno moja juu vistari vyote vinahamia katikati ya mstari. Mwishowe nikawa nabadilisha sentensi, badala ya "tutakapokutana" naandika "siku ya kikao". Watu wakasifu eti Kiswahili changu kimenyooka, kumbe ni kubanwa na kibox.

Sasa balaa lenyewe. Kwenye kupanga ukurasa huoni ukurasa, unaona majina ya faili tu, unasema hiki kaa hapa kile kaa pale, mpaka printa iseme. Na maandishi hayatiririki kutoka kibox kimoja kwenda kingine, habari ikiwa ndefu unaanza kibox kipya unaendelea. Mimi kwa uvivu nilivipa majina A1, A2, B1, B2. Toleo lile lilikuwa na tanzia ya bibi mmoja wa Lamu na harusi ya kijana wetu, na nikachanganya A2 na B2. Ikatoka tunasikitika kuwatangazia kifo cha mpendwa wetu, halafu kibox kinachofuata, "na wageni walikula pilau na kucheza mpaka alfajiri." Nakala arobaini nimeshatoa fotokopi na nyingine zimeshapostiwa! Nilipiga simu nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na tokea hapo faili zangu naziita MSIBA na HARUSI.

Printa ilikuwa ya sindano tisa, zinazogonga utepe wa wino kwenye karatasi, inalia kama cherehani bovu, ukurasa mmoja unakwenda unarudi dakika kadhaa na jirani anagonga ukuta. Utepe ukichoka herufi zinakuwa kijivu na fotokopi haizishiki, hivyo utepe mpya nautunza kwa ukurasa wa mama tu, yaani ule wa kutolea fotokopi, nakala nyingine zote ni mashine ya fotokopi ya duka.

Baadaye nikahamia GEOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Berkeley Softworks, iliyotoka 1986 na kuleta madirisha na menyu kama za Mac kwenye mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, mpaka leo sielewi walizibanaje. Ikaja geoPublish, programu yake ya kupanga kurasa, maandishi yanatiririka toka safu hadi safu na ukurasa unauona. Ila diski inasoma polepole, ukihamia ukurasa mwingine kachemshe chai. Kijarida kikapendeza lakini Baba Mkubwa akalalamika safu yake mbona haina picha, kwa sababu kile kichwa chake chenye kofia kilikuwa kimebaki kwenye flopi ya The Newsroom na sikujua kukihamisha. Nikakichapa, nikakikata kwa mkasi, nikakibandika kwa gundi kabla ya fotokopi, na toleo zote zilizofuata kilibandikwa hivyohivyo, sufuria na yote.